Tomáš Verner: bingwa wa Ulaya Januari 2008, wa 15 duniani Machi 2008. Ilikuwaje?

#1 Mzee wa Takwimu

Wakuu salaam. Kwenye ule uzi wa Olimpiki kuna watu wamemwita Tomáš Verner, mtelezaji wa skating ya sanaa (kuteleza na kuruka kwenye barafu) wa Jamhuri ya Cheki, "mwoga wa mashindano", nikaona nimfungulie uzi wake, maana kule mambo yote yanaishia kwenye hoki.

Rekodi kwanza. Kazaliwa 3 Juni 1986, mjini Písek. Kocha wake wa miaka mingi alikuwa Vlasta Kopřivová, na sehemu kubwa ya mazoezi ya ukubwani aliyafanyia Oberstdorf, Ujerumani, kwa Michael Huth, kocha yule yule wa Carolina Kostner wa Italia.

Ulaya 2007, Warsaw: fedha, nyuma ya Brian Joubert
Dunia 2007, Tokyo: wa 4
Ulaya 2008, Zagreb: dhahabu, mbele ya Stéphane Lambiel na Joubert
Dunia 2008, Göteborg: wa 15
Dunia 2009, Los Angeles: wa 4
Olimpiki 2010, Vancouver: wa 19
Kombe la Urusi 2010: dhahabu, Patrick Chan akiwa wa pili
Ulaya 2011, Bern: shaba
Olimpiki 2014, Sochi: wa 11, na msimu huo huo akastaafu

Tazameni mstari wa tatu na wa nne. Kati ya Zagreb na Göteborg kuna kama miezi miwili tu. Hakuna mtu anayesahau kuruka ndani ya miezi miwili. Msimamo wangu ni kwamba neno "woga" linatumika na watu wasiosoma karatasi ya alama. Mtelezaji wa aina yake akikosa, hukosa kwa namna ambayo mfumo unaiadhibu kuliko hata kuanguka. Karibuni tuchambue.

#2 Kijiwe Nongwa

Mkuu, kukosa ni kukosa. Aliyeanguka na asiyeanguka, anayepaswa kuumia zaidi si ni aliyeanguka?

#3 Mzee wa Takwimu

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Tukubaliane lugha kwanza ili tusichanganyane. Miruko ni sita: tolupu, Salchow, lupu, flipu, Lutz na Axel. Nikisema "tolupu ya minne" nina maana ya mizunguko minne hewani, "Axel ya mitatu" ni mizunguko mitatu (kwa kweli ni mitatu na nusu, kwa sababu Axel ndiyo pekee inayoanza mtu akitazama mbele). Mtu akiruka kwa nia ya kuzunguka mara nne, halafu katikati ya hewa akafungua mikono na miguu, akatua na mizunguko miwili tu, nitaita "kufunguka hewani".

Natumia jedwali la thamani za msingi (pointi za mruko kabla majaji hawajatoa alama ya ubora) lililoanza msimu wa 2018/19. La enzi za Verner lilikuwa na tarakimu nyingine, ila hoja haibadiliki.

Tolupu ya minne: 9.50. Axel ya mitatu: 8.00. Tolupu ya miwili: 1.30. Axel ya mmoja: 1.10.

Majaji wanatoa alama ya ubora kuanzia -5 hadi +5, kila ngazi ni asilimia 10 ya thamani ya msingi. Ukizungusha minne kamili halafu ukaanguka, unapata -5, yaani unakatwa 4.75. Baki 4.75. Toa pointi 1 ya adhabu ya kuanguka. Mfukoni umebaki na 3.75.

Ukifunguka hewani ukatua vizuri kwa miwili, unapata 1.30, basi.

Kwa hiyo aliyegaragara chini kapata karibu mara tatu ya yule aliyetua akitabasamu. Watazamaji wanamwonea huruma aliyeanguka, na aliyefunguka wala hawamwoni.

#4 Bint Pwani

Hii sikuijua kabisa. Kwa hiyo kaka, ukihisi mruko unaharibika ni heri ukomae uzungushe tu uanguke?

#5 Mzee wa Takwimu

Dada, kwa karatasi ndiyo, kwa mgongo na nyonga za mtu sijui. Ngoja nikamilishe hesabu kwa programu ndefu (kila mtu huteleza mara mbili, fupi kwanza kisha ndefu), maana madhara hayaishii kwenye mruko mmoja.

Tuchukue mpango wa mfano, si programu halisi ya Verner. Wa kwanza: tolupu ya minne ikiunganishwa na tolupu ya mitatu, 9.50 + 4.20 = 13.70. Mbele kuna Axel ya mitatu peke yake, 8.00, na Lutz ya mitatu peke yake, 5.90.

Hali ya kwanza: anafunguka mara mbili. Muunganiko wa kwanza unakuwa 1.30, kapoteza 12.40. Axel inakuwa ya mmoja, kapoteza 6.90. Akiwa na akili ya haraka ataibandika ile tolupu ya mitatu nyuma ya Lutz na kurudisha 4.20. Hasara: 15.10.

Hali ya pili: anaanguka mara mbili, mizunguko ikiwa kamili. Wa kwanza unabaki 3.75 badala ya 13.70, hasara 9.95. Axel: 8.00 toa 4.00 toa 1.00, inabaki 3.00, hasara 5.00. Anarudisha 4.20 kwenye Lutz vile vile. Hasara: 10.75.

Nimeacha pembeni alama za uwasilishaji, ambazo kwa aliyeanguka zitashuka kidogo. Hata hivyo pengo halizibiki. Kumi na tano zinatosha kumtoa mtu tano bora na kumtupa nje ya kumi kwenye mashindano ya dunia.

Kisha kuna nafasi. Programu ndefu ya wanaume tangu 2018 ina nafasi saba tu za miruko (zamani zilikuwa nane). Axel iliyofunguka imekula nafasi yake kama kawaida, huwezi kurudi kuiomba tena. Na mruko wa miwili wa aina moja hauhesabiwi zaidi ya mara mbili: tolupu iliyofunguka ikawa ya miwili inahesabiwa. Kama mpango ulikuwa na tolupu mbili nyingine za miwili mwishoni mwa miunganiko, ya tatu inapata sifuri. Mtelezaji asiyehesabu akiwa anateleza anajikata mwenyewe dakika ya tatu kwa kosa la sekunde ya ishirini.

#6 Kijiwe Nongwa

Sawa, nimeelewa hesabu. Lakini bado hujajibu KWA NINI alikuwa anafunguka. Hesabu haifungui mikono ya mtu.

#7 Makali ya Nje

Nijaribu hapo, maana ni suala la ufundi kabla halijawa la moyo.

Tolupu kwa anayezunguka kinyume cha saa: anarudi nyuma kwenye makali ya nje ya mguu wa kulia (chuma cha kila mguu kina makali mawili, la ndani na la nje), anachoma meno ya mbele ya chuma cha mguu wa kushoto barafuni, anapanda juu ya ule mguu wa kushoto, anazunguka, anatua nyuma kwenye makali ya nje ya kulia. Miruko yote sita hutua hivyo hivyo. Kinachotofautiana ni mlango wa kuingilia.

Hewani mtu ana takribani sekunde 0.65 hadi 0.70. Ili mizunguko minne iingie humo lazima mikono na miguu ifungwe mara tu meno yanapoachana na barafu. Hakuna muda wa kusahihisha. Kwa hiyo mruko unaamuliwa chini, na makosa ya kawaida ni haya:

Bega la kushoto linafunguka kabla ya meno kuchoma. Mwili umeanza kuzunguka lakini haujapanda, unapata mruko mpana na mfupi.

Mguu wa kushoto unachomwa pembeni badala ya nyuma moja kwa moja. Mhimili, yaani mstari ambao mwili unauzunguka, unalala. Hewani utahisi kama unazunguka kwenye mlingoti uliopinda.

Mwendo ni mdogo. Wengi hupunguza kasi bila kujijua wanapokaribia mruko mkubwa, ilhali urefu unatokana na ile kasi kugeuzwa kwenda juu.

Sasa mwili una akili yake. Ukihisi mhimili umelala, unafungua mikono wenyewe kwa sababu ndiyo njia ya kupunguza mzunguko na kutua kwa miguu. Huo ni ulinzi. Mtelezaji mwenye hisia nzuri ya hewa hufunguka zaidi, kwa kuwa anatambua kosa mapema. Yule asiyetambua anaendelea kuzunguka na kuanguka, na kama alivyoonyesha mkuu hapo juu, karatasi inampenda huyo wa pili.

#8 Bint Pwani

Na Axel je? Huyu naona hata video zake nyingine Axel ndiyo inamtesa.

#9 Makali ya Nje

Axel ni ugonjwa tofauti. Anatoka kwenye makali ya nje ya nyuma ya kulia, anakanyaga mbele kwenye makali ya nje ya kushoto, goti la kushoto linakunjwa, mguu wa kulia unapita kwenda mbele na juu, kisha uzito wote unahamia upande wa kulia hewani. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo Axel. Usipohamia kulia hakuna mhimili wa kuzungukia.

Kinachoharibika: mguu wa kulia unazungushwa pembeni badala ya kupandishwa mbele, au makali ya kushoto yanapindia ndani ya duara mapema na chuma kinakwaruza sana, au mabega yanatangulia mguu. Lile la pili ndilo baya kwa sababu haliko sawa kila siku. Kukwaruza kidogo kunahitajika ili mtu aachane na barafu, na kiasi cha "kidogo" hutegemea ugumu wa barafu ya siku hiyo. Mtu anayeitegemea sana hiyo breki atakuwa na Zagreb yake na Göteborg yake.

#10 Kijiwe Nongwa

Hehe, kwa hiyo sasa ni barafu. Kesho mtasema ni mwezi.

#11 Fundi Chuma

Usicheke mkuu, barafu si moja. Ya hoki huwekwa baridi na ngumu, uso wake kama nyuzi -5 hadi -7 za Selsiasi, kwa sababu wachezaji wengi wanaikatakata. Ya skating ya sanaa hutakiwa laini kidogo, -3 hadi -4, ili meno yachome na makali yashike. Ngumu mno, meno yanapochoma yanapasua vipande na mguu unateleza. Laini mno, makali yanazama na kasi inakufa. Cheki ni nchi ya hoki. Viwanja vyao vingi saa nzuri za jioni ni za hoki, na barafu yake ndiyo hiyo. Mtelezaji anakuta mabaki. Hiyo ni sababu moja ya watu wao kuishia Oberstdorf, ambako kituo kimejengwa kwa ajili ya kazi hii.

Kisha chuma chenyewe. Chuma cha skating kina unene wa kama milimita 4, na chini hakiko bapa, kina mfereji. Huo mfereji ndio unaotengeneza makali mawili, la ndani na la nje. Fundi anaponoa anatumia jiwe la duara, na nusu kipenyo cha duara hilo ndiyo inayoamua kina cha mfereji: milimita 11 ni wa kina, inashika sana, milimita 16 ni wa juu juu, inateleza kwa kasi lakini inahitaji mtu mwenye makali imara. Watu wazima wa daraja la juu wengi wako hapo katikati. Kwa urefu pia kimepinda kama kiti cha kubembea, kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha futi 7 au 8.

Makosa ya kunoa yanayomharibia mtu msimu:

Makali hayako sawa kwa urefu. Kipimo chake ni rahisi: geuza kiatu chini juu, laza sarafu au rula fupi iliyonyooka juu ya makali mawili, itazame dhidi ya chuma. Ikiinama upande mmoja, rudisha kwa fundi. Makali ya nje yakiwa mafupi, Axel na tolupu ndizo za kwanza kulia, maana zote zinaanzia nje.

Jino la chini kabisa limesagwa. Fundi wa hoki hajazoea meno, anapitisha jiwe hadi mbele. Likipungua, mtu anachoma akidhani ameshika, kumbe kafika chini sana na mwili umeegemea mbele.

Mfereji umebadilishwa kina wiki ya mashindano. Hata kama kazi ni nzuri, mguu unahitaji siku kadhaa kuuzoea.

Na buti: la mtu anayeruka minne huchoka ndani ya msimu mmoja au chini ya hapo. Kwanza hutokea mkunjo kwenye kifundo, kisha kifundo kinalala kwa ndani wakati wa kutua. Ukinunua jipya, chuma hakifungwi moja kwa moja. Kinafungwa na skrubu chache kwenye matundu marefu ili kiweze kusogezwa, unateleza, kama mguu unaangukia ndani unasogeza chuma kidogo kwenda ndani, halafu ndipo unaweka skrubu za kudumu. Buti na chuma vya daraja hilo, kila kimoja kinaweza kupita dola 500.

Sisemi kwamba ndicho kilichomkuta Verner. Nasema ukiona mtu mmoja yuko wa 1 na wa 15 ndani ya miezi miwili, orodha ya washukiwa ni ndefu kuliko "moyo".

#12 Mzee wa Takwimu

Nakubaliana na Fundi. Niongeze mshukiwa mmoja: zamu ya kuteleza. Kabla ya kila kundi watelezaji sita wanaingia kupasha kwa dakika 6. Wa kwanza anaanza papo hapo akiwa bado anahema. Wa sita anasubiri zaidi ya nusu saa, miguu imepoa, anafungua buti, anatembea korido, anafunga tena. Ukiitwa una sekunde 30 kusimama mahali pa kuanzia, ukizidisha unakatwa pointi. Na barafu ya wa sita ina mashimo ya wenzake watano. Gari la kulainisha halipiti katikati ya kundi.

#13 Jirani wa Brno

Wakuu, uzi huu hauwezi kukamilika bila Michal Březina. Mchezaji wa nchi ile ile, mdogo kwa miaka minne, kazaliwa Brno 1990. Fedha ya vijana duniani 2009 mjini Sofia nyuma ya Adam Rippon. Wa 4 duniani 2010, wa 4 tena 2011. Dhahabu Skate America 2011. Shaba ya Ulaya 2013, tena Zagreb ile ile. Olimpiki nne: 2010 (wa 10), 2014 (wa 10, nafasi moja mbele ya Verner), 2018 (wa 16) na 2022.

Mnaona? Naye amekwama kwenye nafasi ya 4 mara mbili kama Verner. Wanaume wawili wa Cheki, nafasi ya nne mara nne.

#14 Kijiwe Nongwa

Basi tatizo ni la nchi 😂

#15 Jirani wa Brno

Nusu unatania na nusu umelenga. Kwenye mfumo wa sasa nchi inapata nafasi kwa matokeo ya mwaka uliotangulia. Ukipeleka mtu mmoja akamaliza wa 1 au wa 2, mwakani mnapeleka watatu. Akimaliza kati ya 3 na 10, mnapeleka wawili. Zaidi ya hapo, mmoja. Ukipeleka wawili, nafasi zao zinajumlishwa: 13 au pungufu ni watatu, 28 au pungufu ni wawili. Japani wana watu kumi wa kugawana mzigo huo. Cheki mzigo ni wa mtu mmoja. Göteborg haikuwa tu siku mbaya ya Verner, ilikuwa siku ya hesabu za shirikisho zima.

Na ushindani wa nyumbani haupo. Cheki, Slovakia, Poland na Hungaria wanafanya mashindano ya taifa kwa pamoja, uwanja mmoja, majaji mchanganyiko, halafu kila nchi inatoa orodha yake. Ni utaratibu wa busara, lakini bado bingwa anaweza kushinda akiwa na mpango mwepesi. Kwa hiyo jaribio la kwanza la kweli chini ya shinikizo ni Ulaya yenyewe, Januari.

#16 Makali ya Nje

Jirani, tofauti ya kiufundi kati yao usiiache. Mruko wa minne wa Březina ni Salchow. Hauchomwi meno. Anatoka makali ya ndani ya nyuma ya kushoto, mguu wa kulia unafagia kuzunguka na kupanda. Hatari yake ni kuharakisha: mguu wa kulia ukifagia kabla makali hayajamaliza kupinda, mtu anazunguka chini badala ya juu. Ukiwa na subira ya kama robo ya sekunde hivi, unapanda wenyewe. Ni mruko wa wakati kuliko wa nguvu, ndiyo maana mtu wa miaka 28 bado anaweza kuufanya vizuri.

Na ndicho kilichotokea. Alihamia California kwa Rafael Arutyunyan, kocha wa Nathan Chen. Msimu wa 2018/19 akawa wa pili Skate America nyuma ya Chen, wa pili Helsinki nyuma ya Yuzuru Hanyu, akaingia fainali ya Grand Prix (mfululizo wa mashindano ya kila msimu) kule Vancouver na kumaliza wa 4.

#17 Bint Pwani

Wa nne tena jamani!

#18 Mzee wa Takwimu

Wa nne wa 2018 ana maelezo mazuri dada. Msimu huo ndio kanuni zilibadilika: programu ndefu ya wanaume ikashuka kutoka dakika 4 na nusu hadi dakika 4, nafasi za miruko kutoka nane hadi saba, thamani ya miruko ya minne ikapunguzwa, na ubora ukapanuliwa hadi ±5. Zamani tolupu ya minne ilishawahi kuwa 10.3. Mtu mwenye aina moja tu ya mruko wa minne lakini anayetua safi, mwenye Axel nzuri ya mitatu, ghafla akawa na soko. Salchow ya minne ya 9.70 ikipata +3 inafika 12.61. Lutz ya minne ya 11.50 ikianguka inabaki 4.75. Březina alikuwa mtu sahihi kwa jedwali lile, japo alilifikia na umri wa kustaafu.

Binafsi naamini Verner wa 2008 angefaidika zaidi na kanuni hizo kuliko Březina, kwa sababu ya mikono na hatua zake. Ila hilo la kufunguka lingemtesa zaidi pia: kwenye programu fupi ya miaka hii, mruko uliotakiwa uwe wa mitatu ukafunguka ukawa wa miwili hauna thamani yoyote. Sifuri.

#19 Jirani wa Brno

Kuna jambo la kocha pia. Verner kabla ya Olimpiki ya Vancouver alihamia Toronto, kisha akarudi Oberstdorf kwa Huth. Vancouver wa 19. Baadaye mwaka huo huo amewapiga Chan na Jeremy Abbott kwenye Kombe la Urusi. Kubadili kocha karibu na Olimpiki ni kama kubadili mbinu ya kuogelea ukiwa katikati ya mto: kila kocha anarekebisha bega au mkono, mruko unaharibika kwanza ndipo utengenezeke, na kalenda haisubiri.

#20 Kijiwe Nongwa

Hapo sikubali moja kwa moja. Březina naye kabadilisha: Fajfr, Starec, Petrenko, Arutyunyan. Mbona wa mwisho kamfaa?

#21 Jirani wa Brno

Kwa sababu alihamia kwa Arutyunyan 2016, misimu miwili kamili kabla ya matunda. Na angalia katikati: Pyeongchang 2018 kamaliza wa 16. Kama ungempima pale ungesema amekosea kuhama.

#22 Shangazi Mchambuzi

Vijana mnazungumza kama skating ya Cheki ilianza 2007. Aliyeruka mruko wa kwanza wa minne kwenye Olimpiki ni Petr Barna, Mprague, Albertville 1992, tolupu. Kabeba shaba, na mwezi mmoja kabla alikuwa ameshinda Ulaya kule Lausanne. Kabla yake Alena Vrzáňová, bingwa wa dunia 1949 na 1950. Baada ya ule wa pili, London, akakataa kurudi nyumbani kwenye utawala wa kikomunisti na maisha yake yaliyobaki ya kuteleza yakawa maonyesho ya Marekani. Hana Mašková shaba ya Olimpiki 1968. Eva Romanová na kaka yake Pavel Roman, mabingwa wa dunia wa dansi mara nne mfululizo, 1962 hadi 1965. Radka Kovaříková na René Novotný, mabingwa wa dunia wa jozi 1995.

#23 Kijiwe Nongwa

Na Ondrej Nepela, dhahabu ya Olimpiki 1972. Mbona umemruka shangazi?

#24 Shangazi Mchambuzi

Mwanangu, Nepela ni Mslovakia, wa Bratislava. Aliwakilisha Czechoslovakia, ila Waslovakia wakikusikia unampa Cheki utatafutwa. Na siku hizi nguvu ya Cheki imerudi kwenye dansi: Kateřina Mrázková na kaka yake Daniel Mrázek walichukua ubingwa wa dunia wa vijana 2023, Calgary. Dansi haina miruko hiyo yenu ya kufunguka.

#25 Bint Pwani

Swali la mwisho kutoka kwangu. Nikitaka kujua kama mtu alifunguka au alianguka bila kutazama video, karatasi ya alama naisomaje?

#26 Mzee wa Takwimu

Anza safu ya pili, jina la mruko. Namba mbele ni mizunguko iliyohesabiwa: 4T, 3A, 2T, 1A. Ukiona 1A kwa mwanaume wa daraja hili, amefunguka, hakuna anayepanga 1A. Ukiona 4T yenye ubora wa -5 karibu mstari mzima wa majaji, na chini kabisa kuna makato ya -1.00, ameanguka.

Alama ndogo baada ya jina ndizo zenye siri. "<" maana yake mizunguko ilipungua zaidi ya robo, thamani inashuka. "<<" ilipungua nusu au zaidi, mruko unashushwa daraja zima, minne inahesabiwa kama mitatu. "q" ni robo kamili: thamani inabaki, ubora unaumia. "e" ni makali yasiyo sahihi, inawahusu Lutz na flipu tu. "+REP" ni mruko uliorudiwa bila kuunganishwa popote, unalipwa asilimia 70. Kwa tolupu ya minne ni 6.65. Nyota ni sifuri. "x" pembeni ya thamani ni nyongeza ya asilimia 10 kwa miruko ya mwisho mwisho.

Kisha linganisha safu ya thamani na mpango wake wa kawaida wa msimu ule. Pengo likiwa kwenye thamani ya msingi, alifunguka. Pengo likiwa kwenye ubora, alianguka au alitua vibaya. Ukiwa na karatasi za Zagreb na Göteborg mezani, anza na safu hiyo hiyo.

#27 Fundi Chuma

Na kwa karatasi za kabla ya 2018 kumbuka ubora uliishia -3 na +3, usije ukatafuta -5 ukakosa.